UZI: Ununuzi wa kujali mazingira na watu chuo kikuu Zanzibar – tuandike nini kwenye zabuni, tupime nini mlangoni mwa stoo?

#1 Mshika_Leja

Assalaam alaykum wadau.

Mpango wa ununuzi wa mwaka mpya wa fedha unaandikwa sasa hivi vyuoni. Kila mwaka neno "uendelevu" linapewa aya mbili tamu kwenye utangulizi wa hati ya zabuni, halafu ukifungua ukurasa wa vipimo unakuta "Karatasi A4, boksi 400" na "AC 18,000 BTU, pisi 30". Basi. Mzabuni hasomi utangulizi, anasoma ukurasa wa vipimo na jedwali la bei.

Ninaloleta hapa ni hili: kigezo ambacho kamati ya mapokezi haiwezi kukipima siku mzigo unashushwa, au msimamizi wa mkataba hawezi kukikagua kila mwezi, kisiandikwe. Kitamwadhibu mkweli na kumwacha mjanja.

Mfano mwepesi kuliko yote ni karatasi. A4 moja ni mita ya mraba 0.0624. Zidisha kwa gramu 80, zidisha kwa karatasi 500, unapata kilo 2.5 kasoro kidogo. Rimu ya gramu 70 iliyopigwa chapa ya 80 inakuja kilo 2.18. Mizani ya jikoni inaona tofauti hiyo bila maabara wala mtaalamu. Unyevu wa stoo zetu huongeza gramu kadhaa, lakini haugeuzi 70 kuwa 80. Kwa boksi 400, toa 10 kutoka katikati ya rundo na siyo za mbele mlangoni, pima rimu mbili kila boksi, na fungua mbili tatu uhesabu karatasi, kwa sababu zipo za 450 ndani ya ganda la 500.

Hili lina uhusiano gani na mazingira? Karatasi nyepesi wino unapenya upande wa pili na printa inakwama. Watu wanaacha kuchapa pande mbili, na agizo lote la kupunguza karatasi linakufa hapo.

Nawaomba kila mwenye fani yake aweke vipimo vya namna hii.

---

#2 Fundi_Baridi

Waalaykum salaam Maalim. Kwenye AC msiandike "isiyokula umeme", maana kila muuzaji atasema yake haili. Andikeni namba.

18,000 BTU ni kilowati 5.3 za baridi. Tuseme ofisi inahitaji wastani wa asilimia 70 ya nguvu hiyo, saa 8 kwa siku, siku 220 kwa mwaka. Mashine ya kawaida yenye ufanisi wa 2.8 (yaani kilowati 2.8 za baridi kwa kila kilowati moja ya umeme) itakula uniti 2,330 hivi. Inveta, yaani AC inayopunguza na kuongeza kasi ya kompresa yenyewe, yenye ufanisi wa msimu wa 4.5 itakula 1,450. Tofauti ni uniti 880 kwa mwaka. Nikitumia shilingi 300 kwa uniti kama mfano (nyinyi wekeni bei iliyo kwenye risiti yenu ya ZECO, shirika la umeme Zanzibar), ni 264,000 kwa mwaka, na kwa miaka 8 milioni 2.1 kwa AC moja. Zidisheni kwa pisi 30.

Ila kuna ubaya ambao wauzaji hawausemi. Inveta inaendeshwa na bodi ya elektroniki, na bodi hiyo haipendi umeme unaorudi kwa kishindo baada ya kukatika. Ikiungua, mara nyingi bei yake inakaribia nusu ya mashine, au haipatikani kabisa. Chuo kinatupa inveta ya miaka miwili na kununua ya bei poa, na zile milioni mbili zimeyeyuka. Kwa hiyo mzabuni atoe mambo mawili: kilinzi cha umeme chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 kabla ya kuwasha kompresa, na bei ya bodi, feni na kompresa iliyoandikwa ndani ya zabuni, itakayoshikiliwa miaka 5.

La pili ni chumvi. Mapezi ya kitengo cha nje yanageuka unga mweupe, hasa majengo yanayotazama bahari. Takeni mapezi yaliyopakwa kinga, vishikizo vya chuma kilichochovywa zinki ya moto, na boliti za chuma cha pua daraja la 316. Daraja la 304 karibu na bahari linatoa madoa ya kutu. Kwenye mkataba wa matengenezo waandikieni kuosha kwa maji matamu kila miezi mitatu, kwa mpira wa kawaida. Wakija na mashine ya kuoshea magari wanalaza mapezi yote na hewa haipiti tena.

Gesi: msikubali R-22. Kwa nchi zinazoendelea Mkataba wa Montreal, ule wa kulinda tabaka la ozoni, unaifikisha mwisho 2030, na mtanunua mashine ambayo kujaza gesi kutakuwa tabu. R-410A inapasha joto dunia mara 2,088 kuliko kiasi kilekile cha hewa ya ukaa, R-32 mara 675. R-32 inashika moto kidogo, kwa hiyo fundi awe na mafunzo nayo. Na atakayeng'oa mashine kuukuu aikusanye gesi kwenye mtungi. Siku hizi mtu anakata bomba kwa koleo, gesi yote inakwenda mbinguni, halafu anasaini "imeondolewa salama".

Siku ya mapokezi: soma bamba la nyuma ya kila kitengo (aina ya gesi, namba ya mashine, ampea), linganisha na zabuni, kisha washa pisi 3 kati ya 30 na pima ampea kwa mita ya kubana. Nusu saa inatosha.

---

#3 Bi_Hesabu

Fundi, hesabu yako safi, lakini mkaguzi akija anauliza swali moja: kwa nini hamkumpa wa bei ya chini?

Jibu lake haliandikwi siku ya tathmini. Kama hati ya zabuni imetaja bei ya kununulia tu, kamati haina ruhusa ya kuingiza gharama za umeme baadaye, hata ziwe za kweli namna gani. Aliyeshindwa ataleta pingamizi na atashinda. Fomula yote iingie kwenye hati kabla ya kutangazwa: bei ya kununua, jumlisha uniti za miaka 8 kwa bei ya uniti iliyotajwa, jumlisha matengenezo ya miaka 8, toa kinachobaki cha thamani kama kipo. Saa za matumizi ziwe sawa kwa wote, msimwachie mzabuni ajichagulie. Kila mzabuni ajaze jedwali lilelile, na aambatanishe karatasi ya kiwandani inayothibitisha ufanisi anaoudai.

Hapo "bei ya chini iliyotathminiwa" inakuwa bei ya chini kwelikweli, na faili linajitetea.

---

#4 Kanuni_na_Kifungu

Naunga mkono Bi Hesabu, na naongeza makosa matatu yanayoonekana sana kwenye hati za zabuni.

Kwanza, hati inanakiliwa kutoka bara nzima nzima. Inataja NeST (mfumo wa bara wa ununuzi mtandaoni), inataja asilimia 30 ya makundi maalum. Hayo ni ya sheria ya bara. Taasisi za Serikali ya Mapinduzi zinafuata sheria ya Zanzibar ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, Na. 11 ya 2016, na kanuni zake. Nia ya kuwapa nafasi wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni njema, lakini itafutieni mlango kwenye sheria yetu, msibandike kifungu cha jirani.

Pili, "mzabuni awe na cheti cha ISO 20400". Hakipo cheti hicho. ISO 20400 ya 2017 ni mwongozo wa ununuzi endelevu, haitolewi vyeti. Atakayeleta cheti amekichapisha mwenyewe, na asiyeleta, ambaye ndiye mkweli, mnamtoa. Nao ISO 14001, wa usimamizi wa mazingira, upo na unatolewa vyeti, lakini kumtaka seremala wa watu sita awe nao ni kumfungia mlango huku mkisema mnawajali wadogo.

Tatu, pointi 15 kwa "sera ya mazingira ya kampuni". Kampuni kubwa ina mtu wa kuandika sera. Pointi hizo ni za insha. Fanyeni vigezo vya mazingira viwe vya kupita au kutopita kwenye bidhaa yenyewe.

---

#5 Seremala_Wete

Ahsanteni. Nije kwenye samani, maana hapa ndipo fedha nyingi inapotupwa.

Meza za chipbodi zinakufa kwa ufagio wa maji. Sakafu ikipigwa deki kila asubuhi, ncha ya chini ya mguu inanyonya, inafura kama mkate uliotiwa kwenye chai, ganda la juu linabanduka, skrubu zinalegea. Angalieni meza za ofisi yoyote, tazameni sentimita tano za chini. Kama bajeti inawalazimisha kununua chipbodi, andikeni: kingo zote zizibwe, pamoja na zile zisizoonekana chini, na mguu unyanyuliwe angalau milimita 20 kwa kiatu cha plastiki au chuma.

Mbao nzima ni bora na inafungua kazi kwa watu wetu, lakini nayo ina masharti. Msaji au mvinje uliokatwa juzi utapinda na kupasuka chumba kikiwekwa AC. Takeni unyevu wa asilimia 12 hadi 15, upimwe kwa kipima unyevu cha pini, sehemu tatu kwa kila kipande, si kwenye ncha kwa sababu ncha hukauka kwanza. Viungo viwe vya ulimi na tundu pamoja na gundi, visiwe vya msumari tu. Kiti jaribuni hivi: kaa, egemea nyuma hadi miguu ya mbele inyanyuke kidogo, rudi, mara kumi. Kikitoa mlio, rudisheni.

Na kila shehena ya mbao ije na kibali cha misitu. Sheria ya misitu Na. 10 ya 1996 ipo. Ukipokea mbao bila karatasi, chuo ndicho mnunuzi wa mti ulioibwa.

Sasa la Pemba. Zabuni inatangazwa Unguja, loti (fungu) moja, viti 600 kwa kampasi zote. Seremala wa Wete au Chake hawezi kubeba 600, lakini 120 vya kampasi ya Pemba anavimaliza. Matokeo yake viti vinapakiwa boti, vinashuka vimechubuka, na fundi wa kuvitengeneza hayuko kisiwani. Gaweni!

---

#6 Kanuni_na_Kifungu

Gaweni kwa njia halali, sheikh. Kukatakata ununuzi vipande vidogo ili kila kipande kikwepe kiwango cha zabuni ya wazi ni kosa. Zabuni moja, tangazo moja, yenye loti nne zilizotajwa tangu kwenye mpango wa mwaka, hiyo sawa kabisa. Loti ya 4: viti 120, vifikishwe kampasi ya Pemba, na fundi wa kurekebisha awe anafika ndani ya saa 48 kwa miezi 24. Msiandike "mzabuni awe Mpemba". Sharti la saa 48 linafanya kazi hiyo bila kumbagua mtu.

Kipengele cha mauzo ya miaka mitatu na dhamana ya zabuni pia kilingane na loti. Kudai mauzo ya milioni 200 kwa loti ya milioni 15 ni mzaha.

---

#7 Jiko_Kuu

Mmesahau mkahawa, na huko ndiko chuo kinakonunua kila siku.

Mkataba wa chakula ukiandika "samaki aina ya changu, kilo 40 kwa siku, mwaka mzima" mmeandika uongo. Wakati wa kusi kali boti ndogo haziendi nje, na dagaa na samaki wanaovuliwa kwa mwanga wa taa wanategemea giza la mwezi. Mtoa huduma atatimiza kwa njia moja tu, samaki wa friza kutoka mbali au wachanga wasiofaa kuvuliwa. Andikeni "samaki wa msimu", tajeni aina tano au sita zinazokubalika, wekeni urefu wa chini kwa kila aina, na siku mbili za wiki ziwe za kunde, choroko au mbaazi za nazi. Bei inashuka na bahari inapumua.

Ramadhani nayo. Mkataba wa miezi 12 wa kiasi kimoja unamvunja mkulima. Mchana jiko limefungwa, mchicha wake unaozea shambani, halafu jioni dakhalia (bweni) wanataka futari ambayo hakuna aliyeiagiza. Jedwali la mahitaji liwe na ukurasa wake wa Ramadhani: muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, nazi. Vyote hivyo vinatoka mashamba yetu. Wakulima waambiwe miezi mitatu kabla, na mkumbuke mwezi unasogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo msinakili jedwali la mwaka uliopita.

Maji: semina ya watu 40, chupa mbili kila mmoja, siku tatu, ni chupa 240 za nusu lita. Ni lita 120, yaani madumu 7 ya lita 18.9 yanayorudi kwa muuzaji. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu 2006, kabla ya bara, halafu chupa tunazipanga mezani kama mapambo.

Kuni na mkaa: mtoa huduma apikie gesi, na hili likaguliwe jikoni, siyo kwenye karatasi. Tazameni masizi ukutani.

---

#8 Zamu_ya_Usiku

Huduma za ulinzi na usafi zinasahauliwa kwa sababu hazishushwi stoo. Lakini hapo ndipo watu wanapoumia.

Fanyeni hesabu hii kabla ya kufungua bahasha. Lindo moja la saa 24, siku 7, ni saa 168 kwa wiki. Mlinzi wa zamu ya saa 8 kwa siku 6 anatoa saa 48. 168 gawa kwa 48 ni watu 3.5. Ongeza likizo na ugonjwa, unafika karibu 4. Kwa hiyo lindo moja haliwezi kugharimu chini ya kima cha chini cha mshahara mara 4, pamoja na mchango wa mwajiri wa ZSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii Zanzibar), pamoja na sare, viatu na tochi. Mzabuni akileta bei iliyo chini ya hapo, jambo moja kati ya matatu litatokea: walinzi wawili watafanya saa 12 bila mapumziko, mchango hautapelekwa, au mshahara utacheleweshwa. Hakuna muujiza wa nne.

Mtakeni mchanganuo wa bei, siyo jumla tu. Na kila mwezi, kabla ya kulipa ankara, aambatanishe orodha ya mishahara iliyopita benki na risiti ya ZSSF yenye majina. Linganisheni majina na daftari la zamu lililoko getini. Majina yasipolingana, malipo yasimame.

---

#9 Bi_Hesabu

Zamu, malipo yakisimama anayekosa mshahara ni yuleyule mlinzi. Andikeni kwamba chuo kinaweza kulipa mishahara moja kwa moja na kukata kwenye ankara. Bila kifungu hicho adhabu inamwangukia mnyonge.

Na tukiwa hapo hapo, semeni ukweli: chuo chenyewe hulipa lini? Kikundi cha akinamama cha sabuni ya mwani na mafuta ya nazi kinauza mzigo wa milioni 2 kwa mwezi. Chuo kikilipa baada ya siku 90, lazima wawe na milioni 6 zao wenyewe zimelala kwetu kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Hawana. Watakopa kwa riba, au watamwuzia kazi mfanyabiashara wa mjini anayeweza kungoja, naye ataleta sabuni ya kontena kwa jina lao. Tunajua tulivyofundishwa: mpe mtu ujira wake kabla jasho lake halijakauka.

Utaratibu unaowezekana: ankara za chini ya milioni 5 ziwe na foleni yao, hati ya kupokelea mzigo isainiwe siku hiyohiyo, malipo ndani ya siku 14. Mara nyingi kinachochelewesha siyo fedha. Ni kamati ya mapokezi ya watu watatu ambayo mmoja yuko safari. Teueni wa akiba.

Sabuni yenyewe, kikundi kielezwe mapema kuhusu alama ya ZBS (taasisi ya viwango Zanzibar), siyo siku ya kufungua zabuni. Na dawa ya kuulia vijidudu ya klorini msinunue ya mwaka mzima, kwenye joto letu inapoteza nguvu ikiwa stoo. Miezi mitatu basi, madumu ya lita 20 yanayorudishwa.

---

#10 Mshika_Leja

Nashukuru sana. Bado uondoaji. Sheria yetu imeutaja kwenye jina lake, na sisi tunauacha uoze chumba cha nyuma.

Betri za UPS (vifaa vya kushikilia kompyuta umeme ukikatika) zina madini ya risasi na tindikali, zisiishie jaa la Kibele. Kwenye zabuni ya betri mpya andikeni kwamba muuzaji anachukua idadi ileile ya kuukuu, kwa hati yenye uzito. Kompyuta mpakato: betri na RAM zibadilishike kwa bisibisi, dhamana ya miaka 3 mahali zilipo, Pemba ikiwemo. Toni (wino wa unga) za printa zilinganishwe kwa bei ya ukurasa: bei ya toni gawa kwa kurasa zilizopimwa kwa ISO/IEC 19752, kipimo cha toni moja inachapa kurasa ngapi. Printa ya bei rahisi mno karibu kila mara ndiyo yenye ukurasa ghali.

---

#11 Kijana_Ugavi

Wakubwa zangu, kitengo chetu kina watu watatu. Haya yote hatuyawezi mwaka mmoja. Tuanzie wapi?

---

#12 Kanuni_na_Kifungu

Zabuni tatu tu mwaka wa kwanza. AC, kwa sababu ina fedha. Ulinzi na usafi, kwa sababu ina watu. Karatasi, kwa sababu inakufundisheni kupima. Wazabuni waiteni kikao miezi miwili kabla ya tangazo, kimoja Unguja kimoja Pemba, wasome vigezo vyenu na waseme kipi hakiwezekani sokoni. Kigezo ambacho hakuna hata mmoja anayeweza kukitimiza kitoeni kabla ya kutangaza, la sivyo mtarudia zabuni.

---

#13 Kijana_Ugavi

Nimeelewa. Mizani ya kilo ngapi?

---

#14 Mshika_Leja

Ya kilo 5, inayosoma gramu moja moja. Ikae stoo, isihamie jikoni. Na jikoni wanunulieni yao ya kilo 30, maana samaki nao wanapungua njiani.